Nyumba isiyo na mtoto: Mume naye apimwe

Manchira, wilayani Serengeti, inajulikana zaidi kwa bwawa lake, ambalo mji wa Mugumu unalitegemea kwa maji. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji, Wakurya, Wangoreme na jirani zao, na Waislamu ni wachache miongoni mwao. Huko, kama ilivyo Tarime na Butiama, mali hasa ni ng'ombe, na ng'ombe hutaka mrithi. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume ina dawa yake ya kimila iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiyejaaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari akaoa binti. Binti huyo huzaa na mwanamume fulani, na watoto wanaopatikana huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule bibi, wakabeba jina la ukoo wa mumewe.

Hatuitaji desturi hii ili kuwakejeli jirani zetu. Wapo wanawake wa Mara wanaosema wazi kuwa nyumba ntobhu imewapa hifadhi ambayo ndoa ya mume haikuwapa. Sisi Waislamu hatuwezi kuifuata, kwa kuwa hakuna nikaha kati ya wanawake wawili, na kwa kuwa nasaba ya mtoto kwetu ni amana isiyohamishwa kwa ng'ombe. Lililotufanya tuianzie makala hii ni jambo moja lililo ndani yake: nyumba hupata watoto bila ya mtu yeyote kuuliza kama marehemu mume, au mume aliye hai, alikuwa na uwezo wa kuzaa.

Je, sisi tunauliza? Mke akikaa miaka mitatu bila mimba, mawifi huanza kumtazama tumbo. Akifika mwaka wa tano, mama mkwe hutafuta mganga, kisha hutafuta mke wa pili kwa ajili ya mwanawe. Wa kwanza hurudishwa kwao akiwa na kanga zake na sifa mbaya. Wa pili naye asipozaa, huletwa wa tatu. Hapo ndipo wazee wa barazani huanza kunong'ona, tena kwa kuchelewa sana, kwamba huenda tatizo liko kwa bwana mwenyewe. Bwana mwenyewe hajawahi kuguswa na daktari hata siku moja.

Lugha yetu nayo imechangia. Tunalo neno tasa, nalo tumemwachia mwanamke. Tunalo neno mgumba, linalofaa kwa mume na mke, lakini mara ngapi tumelisikia likitajwa kwa mwanamume aliye hai na anayetusikia? Tunalo pia hanithi, na hilo ndilo linalotia hofu, kwa sababu limebeba maana mbili pamoja: mtu asiyeweza kumwingilia mkewe, na mtu mwenye tabia ya kike. Basi mwanamume anayetimiza wajibu wake wa chumbani hujiona salama mbali na maneno hayo yote. Anadhani nguvu na mbegu ni kitu kimoja. Qur'ani, katika aya ya 49 na ya 50 za Sura Ash-Shuura, inapoeleza kuwa Mwenyezi Mungu humpa amtakaye mabinti, na amtakaye wana, na wengine wote wawili, kisha ikataja wanaojaaliwa kuwa wagumba, haikumtaja mwanamke peke yake. Neno la Kiarabu lililotumika hapo linamgusa yeyote Amtakaye.

Kadiri ya karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume una mchango wake, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Sababu ni nyingi: maradhi ya zinaa yasiyotibiwa, matumbwitumbwi yaliyoshuka kwenye korodani, mishipa iliyovimba. Leo tunataka kuzungumzia sababu moja ambayo haitajwi kabisa majumbani mwetu, ambayo mwanamume huzaliwa nayo, hukua nayo, huoa nayo, na wengi hufa nayo bila ya kuijua.

Herufi moja iliyozidi

Karibu kila chembe hai ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, zilizopangwa jozi 23, ambazo ndizo hubeba maagizo ya umbile letu. Nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Jozi moja ndiyo huamua jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Yai la mama siku zote hubeba X. Mbegu ya baba hubeba ama X ama Y, na Y ndiyo humfanya mtoto awe wa kiume.

Hutokea, wakati yai au mbegu inapotengenezwa, kromosomu mbili zilizotakiwa kuachana zikabaki zimeshikamana. Mtoto huyo hupata X, X na Y; jumla 47 badala ya 46. Bado ni mwanamume, kwa sababu Y ipo. Ila korodani zake hazikui ipasavyo, na kuanzia baleghe sehemu ya kutengeneza mbegu hukauka na kuwa kama kovu.

Hali hii iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 huko Boston, Marekani, na daktari Harry Klinefelter pamoja na wenzake, waliowaeleza wanaume 9 wenye korodani ndogo na matiti yaliyokua. Chanzo hawakukijua. Hata idadi kamili ya kromosomu za binadamu haikuwa imefahamika mpaka mwaka 1956. Mwaka 1959 Patricia Jacobs na John Strong wa Edinburgh ndio waliohesabu kromosomu za mwanamume wa namna hiyo wakaiona ile X ya ziada. Madaktari wameendelea kuiita kwa jina la Klinefelter.

Sasa wasikilize mama wakwe. Katika takriban nusu ya watoto hawa, X ya ziada imetoka kwa baba, na katika nusu nyingine imetoka kwa mama. Haisababishwi na chakula cha mjamzito, wala jini, wala jicho la mtu, wala dhambi. Si ugonjwa unaorithiwa kutoka ukoo fulani hata mtu akatae kuoza binti katika nyumba hiyo, na kwa kawaida ndugu wa mtoto huyo huzaliwa bila nayo.

Wala si nadra kama watu wanavyodhani. Utafiti wa Denmark, nchi inayotunza rejista za watu wake kwa umakini mkubwa, umeonyesha kuwa mtoto mmoja wa kiume katika kila 660 hivi huzaliwa nayo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa wilaya ya Serengeti kuwa 249,420. Tukichukulia kuwa wanaume walikuwa kama 120,000, na tukitumia kadirio hilo la Denmark, tunapata wanaume wapatao 180 katika wilaya hiyo moja. Ni makadirio tu ya kalamu na karatasi, lakini yanatosha kutuonyesha kuwa tunazungumza juu ya jirani zetu. Huko huko Denmark, penye hospitali kila mahali, ni robo tu ya wanaume hawa waliowahi kugunduliwa, na waliogunduliwa kabla ya baleghe hawafiki mmoja katika kumi.

Mtoto anayechelewa chuoni

Mtoto mchanga mwenye hali hii kwa kawaida hana alama. Uume wake ni wa kawaida na korodani za utotoni huonekana sawa na za wenziwe. Wakati mwingine korodani moja au zote huwa hazijashuka, na hili ni jambo ambalo ngariba au mganga wa tohara anaweza kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Sisi tunaowatahiri watoto mapema tuna fursa hapa. Mfuko ukikutwa mtupu, mzazi aambiwe, na mtoto apelekwe hospitali kabla hajatimiza mwaka ikiwezekana. Kusubiri zishuke zenyewe mpaka ukubwani kuna madhara, awe na X ya ziada au asiwe nayo.

Alama inayokuja baadaye hujitokeza mdomoni. Wengi wa watoto hawa huchelewa kusema. Wanaelewa wanachoambiwa, lakini kukipata neno na kulitoa huwachukua muda. Kusoma na kuandika huwapa tabu kuliko ndugu zao. Akili ya wengi wao iko katika kiwango cha kawaida, na wako wanaosoma hadi vyuo vikuu. Ila njia ya maneno kwao ni nyembamba.

Hapa tunaomba ruhusa ya walimu wetu wa madrasa tuseme jambo. Mtoto wa namna hii hukaa mbele ya ubao, akasomewa aya, akatakiwa airudishe papo hapo kwa sauti mbele ya wenziwe thelathini. Anaijua, lakini haitoki. Ustadhi huona ukaidi, na bakora huinuka. Nyumbani huambiwa ni mvivu. Akifikisha miaka kumi ameshajifunza kunyamaza, na ukimya wake huchukuliwa kuwa adabu au uzito wa kichwa. Mtoto huyu anahitaji kusomeshwa kwa mafungu mafupi, kurudia peke yake na mwalimu kabla ya kusimamishwa mbele ya darasa, na kupewa nafasi ya kujibu bila ya kuharakishwa. Walimu wenye subira wanaifanya kazi hii bila ya kujua jina la hali yenyewe.

Kisha huja baleghe. Kijana hurefuka kuliko baba yake, miguu ikawa mirefu kuliko kiwiliwili. Ndevu hazioti au huota chache. Misuli haijai. Kwa baadhi yao matiti hukua, na huyo ndiye kijana anayeacha kwenda kuoga mtoni na wenziwe, anayevaa shati zito mchana wa jua, anayekataa kucheza mpira. Katika nchi ya Wakurya, ambako vijana hutahiriwa wakiwa wakubwa mbele ya rika lao na mwili wa kijana ni jambo la hadhara, mtu anaweza kufikiria mzigo huo ulivyo mzito. Kwetu mzigo huo hubebwa kwa siri zaidi, jambo ambalo si lazima liwe jepesi.

Wazazi huuliza: kijana huyu, ambaye hajaonyesha dalili, je amebaleghe kisharia? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, akitimiza miaka 15 kwa hesabu ya mwezi ameshabaleghe, hata kama hajaota ndevu wala hajaota ndoto. Swala na saumu zimemlazimu. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wazazi wanaomwacha kijana bila ya kumwamrisha, wakingojea mwili utoe ishara ambayo huenda ikachelewa sana.

Walio wachache zaidi

Ziko sura nyingine za hali hii zilizo nadra kweli. Mwaka 1960, Muldal na Ockey, watafiti wa Manchester, Uingereza, walimweleza katika jarida la Lancet mwanamume mwenye X mbili na Y mbili, jumla ya kromosomu 48, wakamwita dume maradufu. Jina hilo halikuwatendea haki watu hawa, maana liliwafanya watu wadhani kuwa Y ya pili huongeza ukali na uanaume. Ukweli ni kinyume. Homoni ya kiume ya watu hawa ni pungufu, na yale yanayowapata wenye XXY huwapata wao kwa uzito zaidi: kusema kwa kuchelewa sana, mikono inayotetemeka kadiri umri unavyosonga, meno yenye matatizo, vidonda vya miguu visivyopona, hasira za ghafla zinazotokana na kushindwa kujieleza, na ugumu wa kujifunza unaohitaji msaada wa maisha. Wanakadiriwa kuwa mmoja katika wanaume 18,000 hadi 40,000. Kwa hesabu yetu ya Serengeti, ni wanaume watatu hadi saba katika wilaya nzima.

Kwa sura hii, kromosomu zote mbili za ziada hutoka kwenye mbegu ya baba. Mama aliyeambiwa kwa miaka kumi kwamba tumbo lake ndilo lililomharibu mtoto, na alijue hilo.

Wenye X nne na Y moja ni wachache zaidi, kama mmoja katika 85,000 hadi 100,000, na wao hugunduliwa mapema kwa sababu ya ulegevu wa viungo na ulemavu unaoonekana tangu uchanga.

Si huntha

Katika vitabu vya fikihi kuna mlango wa huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake ya nje hayakupambanua kama ni mwanamume au mwanamke, na wanavyuoni wameujadili kwa kina, hasa katika mirathi. Watu hao wapo, na wana haki zao. Kenya iliwahesabu katika sensa ya mwaka 2019, ikapata 1,524, nayo ni nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo katika sensa ya taifa.

Mwanamume mwenye XXY hayumo katika mlango huo. Umbile lake la nje ni la kiume bila ya shaka, na fikihi huhukumu kwa lililo dhahiri. Hurithi fungu la mwanamume. Huwa walii wa binti wa nduguye. Huongoza swala. Anaposhindwa kupata mtoto, au kifua chake kinapokuwa na nyama, hapungukiwi na chochote katika hukumu hizo. Tumeona ni vyema kulisema hili bila ya mafumbo, kwa kuwa tunajua jinsi maneno mawili ya kizembe msikitini yanavyoweza kumhamisha mtu safu.

Ushanga wa daktari

Uchunguzi wa mwanzo hauhitaji safari ya Ulaya. Mwaka 1966 daktari wa Uswisi, Andrea Prader, alitunga kifaa kinachofanana na tasbihi: ushanga 12 wa ukubwa tofauti uliotungwa kwenye uzi, kuanzia mililita 1 hadi 25. Daktari hulinganisha korodani na ushanga. Mwanamume mzima wa kawaida huwa kati ya mililita 15 na 25. Mwenye XXY mara nyingi hafiki 5, na huwa ngumu zikiguswa. Kipimo hicho ni cha dakika moja, na zahanati yoyote inaweza kuwa nacho.

Cha pili ni kipimo cha mbegu. Mume hutoa manii, na mtaalamu huyatazama chini ya darubini. Yakikutwa hayana mbegu hata moja, hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Miongoni mwa wanaume ambao korodani zao hazitengenezi mbegu kabisa, takriban mmoja katika kumi ana X ya ziada. Kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu ndicho kinachotoa jibu la mwisho, nacho huombwa na daktari bingwa. Mtu wa Manchira huanzia Mugumu, akapelekwa Musoma, na akihitaji bingwa zaidi, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza.

Kuna wanaume wanaokataa kwa hoja ya uchi. Sharia imeruhusu tabibu kutazama uchi wa mgonjwa kwa haja, kwa kiasi cha haja, na mume ana haki ya kuomba daktari mwanamume. Tunachojiuliza ni kwa nini hoja hiyo haikumbukwi pale mke anapopelekwa kwa waganga watatu na wakunga wawili katika mwaka mmoja.

Ikithibitika, tiba ipo kwa sehemu. Homoni ya kiume iitwayo testosteroni hutolewa kwa sindano kila baada ya wiki kadhaa, kuanzia umri wa baleghe ikiwezekana. Huleta ndevu, huimarisha mifupa na misuli, huinua moyo. Ni tiba inayofaa hata kwa asiyetaka mtoto, kwa sababu mwanamume asiyekuwa na homoni ya kutosha hupatwa na udhaifu wa mifupa mapema, na wenye XXY pia wana hatari kubwa zaidi ya kisukari, kuganda kwa damu kwenye mishipa, na hata saratani ya matiti. Anayefunga Ramadhani asiache sindano yake kwa hofu: wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wanaona kuwa sindano ya msuli isiyo lishe haifunguzi. Matiti yaliyokua hayaondoki kwa sindano, ila kwa upasuaji. Kuondoa kasoro inayomuumiza mtu si kubadili umbo la Mwenyezi Mungu. Sahaba Arfaja, aliyekatwa pua vitani, aliamrishwa na Mtume, rehma na amani zimshukie, awekewe pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kuoza.

Testosteroni hairejeshi mbegu. Kinyume chake, huzima hata zile chache zilizobaki. Kwa hiyo kijana au mume anayetarajia mtoto azungumze na daktari kabla ya kuanza sindano. Mwaka 1998 madaktari wa New York walitoa taarifa ya kuzaliwa kwa watoto ambao baba zao walikuwa na XXY: mbegu zilitafutwa ndani ya korodani kwa upasuaji mdogo, na moja ikaingizwa katika yai la mke kwa sindano nyembamba. Tangu hapo, mbegu hupatikana kwa karibu nne au tano kati ya wanaume kumi wanaojaribu, ingawa si kila mbegu huishia kuwa mtoto, na gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi.

Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa tarehe 23 Machi 1980 kuruhusu njia hii ya kupandikiza, kwa sharti kuwa mbegu ni ya mume, yai na tumbo ni vya mke wake, na ndoa yao ingali hai. Baraza la kimataifa la fikihi lilikubaliana na hilo katika kikao chake cha Amman mwaka 1986. Mbegu ya mtu mwingine hairuhusiwi. Iwe imetoka katika chupa ya maabara au kwa shemeji aliyeitwa kwa siri usiku, nasaba imevunjwa.

Lililo zito kuliko mengine

Je, mume anayejijua amwambie mchumba? Inapokewa kutoka kwa Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba mtu mmoja aliyekuwa mgumba alioa, na Umar akamuuliza kama alikuwa amemjulisha mwanamke. Alipojibu hapana, Umar alimwamrisha amjulishe kisha ampe hiari yake. Katika madhehebu ya Shafi ugumba wenyewe hauhesabiwi katika aibu zinazomruhusu mke kuivunja ndoa, tofauti na kushindwa kumwingilia mke, ambako mume hupewa muhula wa mwaka mmoja mbele ya kadhi. Lakini mambo mawili yasichanganywe. Kwamba ndoa haivunjiki kwa hilo hakumhalalishii mtu kumficha mwanamke jambo litakaloamua maisha yake. Mwanamke anayekubali akijua, na wapo wanaokubali, huingia ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yake.

Na iwapo mume amepimwa akakutwa na XXY, ilhali mkewe ana mtoto? Hapa tunaomba ndimi zishikwe. Wapo wanaume ambao hali hii iko katika baadhi ya chembe za mwili tu, nyingine zikiwa za kawaida, na baadhi yao huzaa bila msaada wowote. Hata kwa wengine, mbegu chache zinaweza kuwa zilikuwepo ujanani kabla hazijakauka. Karatasi ya hospitali si mashahidi wanne. Sharia imemnasibisha mtoto na ndoa ambamo amezaliwa, na anayemtuhumu mke bila ya ushahidi amejiingiza katika kosa la kumsingizia mwanamke aliyehifadhika, ambalo adhabu yake imetajwa katika Sura An-Nuur.

Wengi, hata baada ya yote haya, hawatapata mtoto wa damu yao. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, hakuzaa, na aliitwa Ummu Abdillahi kwa jina la mtoto wa dada yake. Mlango wa kulea uko wazi, ila si kwa namna ya kumbadilishia mtoto jina la baba yake. Aya ya 4 na ya 5 za Sura Al-Ahzab zimelifunga hilo, ndiyo maana Zaid aliyelelewa na Mtume alirudishiwa jina la Haritha. Wanandoa wanaochukua mtoto mchanga wa ndugu au yatima waliwahi suala la unyonyeshaji kabla hajatimiza miaka miwili. Dada wa mke akimnyonyesha mara tano kamili, yule mke huwa mama mdogo wa kunyonya kwa mtoto wa kiume, na hapatakuwa na tatizo la kujifunika mbele yake atakapobaleghe. Kwa mtoto wa kike ni vyema mnyonyeshaji awe upande wa mume, dada yake kwa mfano, ili mume awe mjomba wake wa kunyonya. Hatarithi, kwa kuwa kunyonya hakuleti urithi, lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Katika nyumba yenye ng'ombe 30 hao ni ng'ombe 10, na wasia huo uandikwe mapema, mbele ya mashahidi, mlezi akiwa na afya yake.